Barua Isiyotiwa Bahasha: Habari za Kazi ya Kutafutia Watu Jamaa Zao Kasulu na Kibondo

Mtu atokaye mjini Kasulu akashika njia ya Makere, akapita mashamba ya mihogo na maharage ya Waha na kuviacha nyuma vilima vyenye ubaridi, hufika mwisho mahali ambapo miyombo imekatika na badala yake umesimama mji wa udongo mwekundu na maturubali meupe, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa na watu wengi kuliko miji kadhaa ya nchi yetu yenye mabaraza na madiwani, walakini haumo katika hesabu ya miji, kwa kuwa kila akaaye humo huhesabiwa kuwa mpita njia. Mji huo ni Nyarugusu, uliofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kivu ya Kusini waliovuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na mashua wakikimbia vita. Ndani yake zimo ofisi za unga, za maji, za dawa na za shule; na kando ya ofisi hizo imo moja isiyogawa kitu cha kula wala cha kuvaa. Hiyo hugawa habari. Mtu huingia akasema, Namtafuta mama yangu, au, Naliachana na ndugu yangu njiani usiku, au, Nimepewa mtoto huyu na mtu nisiyemjua naye akaenda zake. Na aliyeketi nyuma ya meza huchukua kalamu akaanza kuuliza.

Kazi ya meza hiyo, ambayo imefanywa Kasulu na Kibondo katika kambi moja baada ya nyingine, inastahili kuandikiwa habari zake. Mashirika mengine yaliyofika katika nyanda za juu za Kigoma yameacha visima, majengo na vibao vya rangi. Hili limeacha karatasi, na karatasi ni kitu ambacho mchwa hukimaliza katika masika mawili. Wajuao namna kazi hii ilivyofanywa ni wale wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu, wengi wao wakimbizi wenyewe, ambao hutawanyika kila kambi inapofungwa, naye mwandishi angoje nini tena?

Nianze na karatasi yenyewe, maana ndiyo shina la kazi. Ni ukurasa mmoja tu usiotiwa katika bahasha. Upande mmoja huandikwa mtumaji ni nani na mpelekewa ni nani: jina lote, jina la baba, jina la mama, mwaka na mahali pa kuzaliwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Upande mwingine zimeachwa nafasi za maneno, na nafasi kama hizo za majibu, ili aipokeaye asihangaike kutafuta karatasi ya kujibia. Kwa vile haifungwi, kila mkono inaopitia waweza kuisoma, na masharti yake ni kwamba isichukue ila habari za jamaa: nani mzima, nani mgonjwa, nani amezaa, nani amefariki. Neno la siasa au la majeshi halipiti. Mgeni huenda akaona kuwa huko ni kumvunjia mtu siri yake. Lakini kwa kuwa haifichi kitu, karatasi hiyo imeweza kupita vizuizi vya askari wa pande mbili zinazouana, mahali ambapo barua yenye gundi ingalichanwa na mchukuzi wake angalipigwa. Usalama wake ni uwazi wake.

Asili ya kazi hii ni mbali na Buha, nchi ya Waha. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, aliona majeruhi wa Solferino mwezi Juni 1859 wakifa bila mtu wa kuwapokea wasia, na mwaka 1863 kamati ya watu watano ikaundwa katika mji wake, ambayo ndiyo mama wa Msalaba Mwekundu. Miaka saba baadaye Wajerumani na Wafaransa walipopigana, ikafunguliwa ofisi Basel, mji ulio mpakani mwa mataifa hayo mawili, na ofisi hiyo ikafanya jambo ambalo halijapata kufanywa kwa utaratibu: ilikusanya majina ya mateka na majeruhi wa pande zote mbili na kuwapelekea wazee wao habari. Vilipokuja vita vya 1914, kazi ile ile ikaanzishwa Geneva kwa ukubwa usio na kifani, katika jumba la makumbusho liitwalo Musée Rath, ambako wake kwa waume wa mji walikaa kutwa wakiandika kadi na kuzipanga kwa alifu na be. Miongoni mwao alikuwamo mwandishi Romain Rolland. Na alikuwamo tabibu mmoja, Frédéric Ferrière, ambaye jina lake laonekana kwangu kustahili kujulikana zaidi huku kwetu kuliko majina ya majenerali wa vita vile, kwani wenzake walipoona kuwa sheria inawaagiza kushughulika na askari tu, yeye alishikilia kuwa mwanamke aliyefukuzwa kijijini kwake na mtoto aliyepotezana na wazazi hawana kosa la kuwa si askari, akafungua idara ya raia. Mwanamke wa Fizi, Kivu ya Kusini, aketiye leo mbele ya meza ya Nyarugusu anaingia kwa mlango uliofunguliwa na tabibu yule. Kadi za Geneva zilifika milioni 7 vita vilipokwisha, na kamati ikapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1917, ndiyo pekee iliyotolewa katika miaka yote ya vita vile.

Lakini vita hivyo hivyo vilipita Buha, na hapa sina budi kusimama. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwezi Julai 1916 Wabelgiji waliuingia mji huo, wakazitawala nchi za Ujiji na Buha mpaka 1921. Katika kupanda na kushuka kwa majeshi ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, vijana wa vilima hivi, kama vijana wa bara yote, walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabebeshwa risasi na unga, na walio wengi waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walizikwa njiani bila jina lao kutiwa katika daftari ambalo mjukuu angeweza kulifungua. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, walikufa katika utumishi wa vita vile wala hawakuwekewa kumbukumbu ya majina, na kwamba hesabu yenyewe huenda ikafika 350,000. Basi wakati karani wa Geneva akipanga kadi ya askari wa Bavaria ili mama yake apate kumjua alipolala, mama wa Heru na wa Muhambwe, huku Buha, alikaa mlangoni akingoja, na kungoja kwake hakukuwa na ofisi. Nalitaja hili kwa kuwa ndilo linalonipa kipimo cha kuipimia kazi iliyokuja baadaye: taasisi hii ilipofika Buha, ilikuwa inalipa deni la zamani, ijapokuwa waliolipa hawakuwa wakijua kuwa wanadaiwa.

Vita vya pili viliipa kazi ile sura nyingine. Mwaka 1939 Wajerumani wa Tanganyika, masetla na wafanya biashara waliokuwa wamerejeshewa ruhusa ya kuingia nchini tangu 1925, waliwekwa kizuizini, na habari za mtu aliye kizuizini na wazazi wake walio Ujerumani hazikuwa na njia ya kawaida ya kupita. Njia ikawa ni fomu ya Geneva, ambayo haikuruhusu zaidi ya maneno 25. Aliyewahi kujaribu kuueleza msiba wa nyumba yake kwa maneno 25 atafahamu kwa nini waliozipokea walizihifadhi hadi kufa. Karatasi za namna hiyo zilizopitishwa duniani katika vita vile zinakadiriwa kuwa milioni 24. Baada ya vita, Mkataba wa Nne wa Geneva, uliotiwa saini tarehe 12 Agosti 1949, uliifanya kuwa haki iliyoandikwa: kifungu cha 25 kinampa kila mtu ruhusa ya kupeleka na kupokea habari za jamaa zake, na cha 26 kinazitaka nchi zisaidie wale waliotawanyika kutafutana. Ofisi ya Geneva ikaitwa tangu 1960 Wakala Mkuu wa Kutafuta Waliopotea. Nchini kwetu Chama cha Msalaba Mwekundu kilisimamishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962, kikarithi kazi ya tawi la Waingereza lililokuwako kabla ya uhuru, na miongoni mwa kazi alizoachiwa mrithi ilikuwamo hii ya kutafuta, ambayo wakati huo hakuna aliyedhani kuwa itakuja kuzidi nyingine zote katika wilaya mbili za mpakani.

Lakini isidhaniwe kuwa Waha wenyewe walikuwa wageni wa kupotezana. Kasulu na Kibondo, zilizotengwa na serikali za wakoloni kuwa ghala ya watu wa kazi, zilitoa vijana kwenda katika mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, hasa ilipoanzishwa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, mwaka 1944. Manamba, ndiye kibarua huyo, aliitwa kwa namba ya kipande chake. Jina la baba halikuwa na haja. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi, wengine walioa huko huko Muheza na Korogwe, na wajukuu wao leo husema Sisi asili yetu ni Waha, bila kuweza kuutaja mlima walikotoka. Hakuna aliyewatafutia ahali zao isipokuwa msafiri aliyepeleka salamu kwa mdomo, na salamu ya mdomo hufa na mpelekaji.

Kisha yakaja yale ya jirani. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji makubwa, wakapitia Kigoma na kupelekwa mbali, Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na safari hii mamia ya maelfu yaliyovuka mipaka hayakupelekwa mbali. Yalikaa katika makambi ya Kibondo na Kasulu yaliyozidi kuongezeka mwaka hata mwaka: Kanembwa, Mkugwa, Nduta, Mtendeli, Karago, Muyovosi, Mtabila. Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda usiozidi siku moja. Mwaka 1996 wakaja wa Kongo. Mtu asiyeona makundi kama hayo hudhani watu hukimbia kwa nyumba, baba mbele, mama nyuma, watoto katikati. La. Mvua ya risasi huwakuta baba sokoni, mama kisimani, mkubwa shuleni, mdogo mgongoni kwa nyanya yake. Kila mmoja hukimbia upande aliokuwa amekabili, na mto Malagarasi au ziwa huwagawa wale ambao risasi haikuwagawa. Baada ya Rwanda peke yake watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamepotezana na wazazi wao.

Hapo ndipo ilipodhihiri kuwa kazi hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja wala ya chama kimoja. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNICEF na Save the Children ziliweka majina ya watoto katika daftari la pamoja. Idhaa ya BBC ilianzisha mwaka 1994 matangazo ya Kirundi na Kinyarwanda ambayo jina lake, Gahuzamiryango, maana yake ni kile kiunganishacho jamaa, na yalisoma majina ya watafutao na watafutwao. Na mwaka 1995 mapadri Wajesuiti wakafungua Ngara Redio Kwizera, ambayo sauti yake ilifika Kibondo. Jioni watu walikusanyika kwenye redio moja kumi na tano kwa ishirini, kimya, na mtu aliyesikia jina la jirani yake wa zamani aliondoka usiku huo huo kwenda kuulizia bloku kwa bloku. Watu hao hawakulipwa wala hawakuandikwa popote. Bila wao redio ingesema na upepo.

Sasa nieleze kile nionacho kuwa ndiyo elimu hasa ya kazi hii, elimu iliyozaliwa katika makambi yenyewe wala haikuletwa na gari kutoka Geneva. Mzungu anayetafuta nasaba yake hushika jina la ukoo kama mtu ashikavyo kamba kisimani, akalivuta kutoka kwa mwana hadi kwa baba hadi kwa babu, na jina halibadiliki ila herufi moja mbili. Lakini Murundi hana kamba hiyo. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lenye maana yake, na ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja huwa na majina matano yasiyofanana: huyu Ndayishimiye, kwa kuwa wazazi walishukuru, yule Nduwimana, kwa kuwa ni wa Mungu. Pacha huitwa Bukuru na Butoyi, na awafuatiaye huitwa Ciza, hata kijiji kimoja kikawa na akina Bukuru sita wasiohusiana hata kidogo. Karani mgeni aliyezipanga kadi kwa majina ya mwisho, kama alivyofundishwa, aliwatenga kwa mkono wake mwenyewe watoto wa tumbo moja, huyu katika sanduku la N, yule katika sanduku la B.

Fauka ya hayo kuna masikio. Murundi huandika Ciza; Mha mwenye jina lile lile huandika Chiza; Mswahili wa pwani aliyeajiriwa kambini huenda akaandika Siza, na mtu mmoja akawa watu watatu. Tarehe za kuzaliwa nazo ni za kubahatisha, maana asiyeijua tarehe yake aghalabu huandikiwa 1 Januari, na mtu akifungua daftari hufikiri taifa zima lilizaliwa siku ya Mwaka Mpya.

Waliolitatua fundo hili ni watu wa kujitolea wenye lugha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Mtu wa Manyovu na mtu wa Makamba huzungumza bila mkalimani, na kijana wa Kibondo aliyelelewa na nyanya yake anajua bila kufundishwa kwamba swali la kumjulia mtu si Jina lako nani, bali U wa mlima gani. Burundi ni nchi ya milima, na mlima ndio kijiji, ndio kaburi la babu, ndio anwani. Basi fomu ikajazwa kwa namna mpya: mlima, kisha komini, kisha mkoa, jina la mama kabla halijapotea kinywani mwa mtoto, jina la utani, parokia alikobatizwa na padri aliyembatiza, shule na mwalimu, soko walikouzia ndizi. Jina likikataa, mlima hukubali. Na mtafutaji asipopata jawabu katika kadi, huenda kwa wazee wa mlima ule walio kambini, maana mahali watu wa mlima mmoja wanapokuwapo wachache, nasaba yote ya mlima huwapo pamoja nao, imegawanyika vinywani mwao kama maji ya mtungi mmoja katika vikombe vingi: huyu anamjua baba, yule anamjua shangazi aliyeolewa mlima wa pili, na wa tatu alihudhuria arusi. Hakuna ajuaye yote. Kazi ya taasisi ni kuvikusanya vikombe tu, bila kumwaga.

Kwa watoto uangalifu ulizidi. Mtoto wa miaka minne hulijua jina la mama yake kuwa Mama. Mtu mzima huulizwa maswali ya mtu mzima. Yeye huulizwa wimbo aliokuwa akiimbiwa, rangi ya ng'ombe, mlango wa nyumba ulikotazama, nani alikuwa akimpiga na nani akimtetea. Maneno hayo huandikwa kama alivyoyasema, na picha yake hubandikwa ubaoni, lakini maneno huwekwa mbali na picha. Kisha anapokuja mtu akisema Huyu ni wangu, hakabidhiwi mtoto kwa machozi yake, ijapokuwa machozi hayo huenda yakawa ya kweli. Huulizwa naye, peke yake, wimbo gani, ng'ombe wa rangi gani, mlango ulitazama wapi. Yakilingana, mtoto huulizwa kama anataka kwenda, na akikubali tu ndipo safari hufungwa. Wapo walionung'unika kuwa utaratibu huo ni wa ukatili kwa mzazi aliyekwisha kutembea miezi. Mimi nauona kuwa ni amana, maana wakati wa vita mtoto ni mkono wa kazi na ni kadi ya posho, na wapo waliomtaka kwa hayo.

Nalo jambo la damu na ulezi halikuishia makambini. Mwaka 2008 serikali ya Marekani, iliyokuwa ikiwapokea wakimbizi wa Afrika chini ya mpango wa kuwaunganisha na jamaa zao waliotangulia, ilianza kuwapima vinasaba waombaji, kwanza Nairobi, kisha katika nchi nyingine kadhaa, na ilipoona kuwa wengi hawakulingana na maneno yao au walikataa kupimwa, ikausimamisha mpango kwa muda wa miaka minne. Udanganyifu haukukosekana, wala sitautetea. Lakini mtu aliyekaa na watu hawa anajua kwamba mwanamke aliyemwokota mtoto wa dada yake aliyeuawa, akambeba, akamnyonyesha pamoja na wake, hawezi kusema Huyu si mwanangu, kwa kuwa katika lugha yake neno la kusemea hivyo halipo. Mama mdogo ni mama, na baba mdogo ni baba. Hilo daftari la Kasulu lilikuwa limelifahamu mapema, kwa kuwa liliacha mstari wa mlezi karibu na mstari wa mzazi, na mtu aliweza kutafutwa na yeyote kati yao.

Nikiwaza juu ya daftari hilo, wakati mwingine huwafikiria Wajerumani waliohama kwao katika karne ya kumi na tisa, mamilioni waliopanda meli Hamburg na Bremen kwenda Marekani kwa sababu ya njaa, ya ardhi na ya utumishi wa jeshi, nao wakadharauliwa huko kama wadharauliwavyo wageni wote maskini. Leo wajukuu wao huandikiana kutoka kila pembe, huyu akileta Biblia yenye majina ya waliozaliwa, yule akileta picha ya kaburi, wa tatu akisoma mwandiko wa zamani ambao wenzake hawauwezi, mpaka kijiji cha babu kijulikane. Hamburg ilizihifadhi orodha za abiria wake tangu 1850 hadi 1934, na kila jina limo pamoja na mahali alikotoka mtu. Bremen iliziharibu zake kila baada ya muda mfupi, tangu 1875, kwa sababu makarani walikosa nafasi ya kuziweka. Na zile zilizosalia, sehemu kubwa ikapotea katika vita vya pili. Basi mjukuu wa aliyepandia Hamburg hujua mlango wa babu yake, na mjukuu wa aliyepandia Bremen hubaki na jina la bandari. Tofauti yao haikuletwa na wahamaji wenyewe. Ililetwa na kabati.

Ndiyo maana naona haja ya kuyasema haya sasa. Kambi ya Lugufu ilifungwa 2009 na watu wake wakaletwa Nyarugusu. Mtabila ilifungwa Desemba 2012 na Warundi zaidi ya 30,000 wakarudishwa kwao. Mtendeli, iliyofunguliwa upya Januari 2016, ilifungwa mwisho wa 2021. Kambi inapofungwa, miyombo hurudi kwa haraka ya ajabu. Baada ya miaka michache mtu hawezi kuonyesha ilipokuwa shule. Na watoto waliozaliwa katika kambi hizo, ambao baadhi yao wako leo Marekani, Kanada na Australia, watakuwa na watoto watakaouliza: Bibi alizaliwa wapi? Jibu litakuwa bloku fulani, zoni fulani, Kibondo, na ithibati ya pekee huenda ikawa kadi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino na kijana wa Kiha aliyeuliza mlima gani. Kadi hizo zimefungiwa siri kwa haki, kwa sababu ndani yake mna majina ambayo adui angefurahi kuyapata. Lakini siri na kupotea ni vitu viwili, na kila aliye na mamlaka juu ya sanduku la karatasi katika nyanda hizi ajue kwamba ameshika orodha ya Hamburg.

Mwezi Mei 2015, ghasia zilipozuka tena Burundi, makumi ya maelfu ya watu walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli iliyowatoa kuwaleta Kigoma ilikuwa Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg na Wajerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikazamishwa na wenyewe Julai 1916, ikaopolewa, ikarejea kazini 1927. Na baada ya karibu karne moja ilikuwa ikibeba akina mama wenye vifurushi ambao tangu gatini walianza kuulizana, Umemwona fulani? Nduta ilifunguliwa tena Oktoba mwaka huo. Safari hii meza ya Msalaba Mwekundu iliwekwa na simu juu yake: mkimbizi hupewa dakika chache bila malipo kumpigia jamaa yake, na simu yake mwenyewe hutiwa chaji kwenye umeme wa jua. Wengi waliokuwa wakingoja majibu ya karatasi kwa miezi walisikia sauti siku ile ile. Hata hivyo karatasi haikustaafu, kwa kuwa simu humhitaji mtu mwenye namba, na anayetafutwa kwa miaka kumi hana namba.

Si kila karatasi hufika. Iliyokosa mwenyewe hurudi kwa mtumaji, imeandikwa sababu: amehama, hajulikani, mlima umebaki bila watu. Kumpelekea mtu karatasi ya namna hiyo ni kazi nzito kuliko kutafuta, na wanaoifanya huambiana wasiende saa ya chakula wala wasimkabidhi mtu amesimama. Huketi naye, humsomea kama hajui kusoma, hungoja. Wengine husema, Andika tena. Na karani huchukua fomu mpya, huandika jina lile lile, baba yule yule, mama yule yule, kisha huuliza kama kuna chochote kilichokumbukwa tangu mara ya kwanza, hata kidogo, jina la mti, la kisima, la mbwa.

Asubuhi inayofuata, kijana wa kujitolea hutia karatasi za siku katika mfuko wa plastiki ili mvua isizifikie, hupanda baiskeli, na kwa zile zenye bloku na namba ya nyumba hana taabu. Ile yenye jina la mlima tu huiweka ya mwisho. Akifika penye kivuli wanapokaa wazee, hushuka, huamkia kwa heshima, huketi chini, wala hatoi karatasi. Huanza kwa kuuliza ni nani kati yao aliyewahi kulima mlima ule.